Nguo ya Sufu na Gari la Tulsa

Tarehe 15 Juni 1957 wakazi wa mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, walizika gari. Sisemi walizika kwa mafumbo. Shimo lilichimbwa kwenye uwanja wa mahakama, likajengewa chumba cha zege, na humo likateremshwa Plymouth Belvedere jipya kabisa, la rangi ya dhahabu na nyeupe, limefungwa plastiki. Oklahoma ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu ifanywe jimbo, na mpango ulikuwa gari hilo lifukuliwe baada ya miaka 50 mingine, apewe yule aliyekisia kwa karibu zaidi idadi ya watu watakaokuwa Tulsa mwaka 2007. Waliweka hata petroli pamoja nalo, isije ikawa wajukuu wameshaacha kuitumia. Siku ilipotimia, chumba kilikutwa kina maji. Plastiki ikavuliwa mbele ya umati, na kilichotokea ni tope na kutu. Aliyeshinda alikuwa amefariki tangu 1979, kwa hiyo mzoga ule ukawa urithi wa ndugu zake.

Mhandisi atasema kosa lilikuwa maji, naye hakosei. Lakini kisa hiki kina swali jingine ambalo dini zetu zimeliuliza muda mrefu kabla ya kuwapo magari: mtu anayeweka kitu asichokitumia, anakitunza au anakilimbikiza? Swali si la Tulsa peke yake. Popote penye mtu aliyefungia gari la kale bandani, akalifunika, akaliwekea mitego ya panya na mashine ya kunyonya unyevu, pana jirani anayejiuliza kama huyo ni mtunza historia au ni bahili mwenye ladha nzuri. Mahubiri ya Mlimani yanaonekana kumpa jirani jibu, kwa kuwa yanaonya dhidi ya hazina za duniani na kuwataja kwa majina wanaoziharibu, nondo na kutu. Qurani nayo, katika sura ya Tauba na ya Humaza, inawakemea wanaorundika mali na kuihesabu. Neno la Kigiriki ambalo kwa kawaida hutafsiriwa kutu katika Injili ya Mathayo ni *brosis*, na maana yake ya kwanza ni kula. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hapo. Sisi husema kutu imekula chuma, mchwa wamekula mlango, nondo amekula shali. Mali iliyowekwa huliwa.

Hoja yangu ni kwamba maandiko haya hayamhukumu mtu kwa kuweka kitu. Yanamhukumu kwa kukiacha. Na tofauti kati ya kuweka na kuacha haiko moyoni tu ambako hakuna awezaye kuchungulia, bali inaonekana kwa macho, kwenye waya uliotafunwa na kwenye doa la kutu chini ya zulia. Wadudu na unyevu ni mashahidi. Wanachokishuhudia si utajiri wa mwenye mali bali kutokuwapo kwake.

Ushahidi wa kwanza nautoa mahali ambapo wapenda magari hawatafuti. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kitabu cha fikihi ya Kishafii kiitwacho *Minhaj at-Talibin*, na kwa kuwa mwambao wetu ni wa Kishafii, wanavyuoni wa hapa wamekisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa amana anazungumzia mtu aliyeachiwa nguo za sufu azihifadhi. Ungetarajia aambiwe azikunje vizuri, azitie sandukuni, afunge kufuli. Hukumu inakwenda kinyume: analazimika kuzitoa na kuzianika upepo uzipige, wadudu wasiziharibu, na ikihitajika, lazima azivae. Akiziacha zimekunjwa zikaliwa, analipa. Tuangalie vizuri jambo hili. Kwa kawaida mwenye kupewa amana akiitumia bila idhini amekosa. Hapa, kutoitumia ndiko kunakoweza kuwa kosa, kwa sababu kitu chenyewe, kwa maumbile yake, hakikai salama bila kuguswa. Wafafanuzi wa baadaye wakatoa sababu kwamba harufu ya mwili wa binadamu humfukuza mdudu. Kwa hilo walikosea. Sufu yenye jasho ndiyo inayompendeza zaidi kiwavi wa nondo. Lakini sheria ilibaki sahihi ingawa sababu yake haikuwa sahihi, kwani kiwavi huyo hupenda giza na utulivu, na nguo inayokung'utwa, inayotoka juani na kutembea na mtu, haimpi hata kimoja.

Gari la kale ni nguo ya sufu. Wakati mwingine ni hivyo hasa: mengi ya miaka ya 1950 na kabla yake yana mazulia ya sufu, na nondo huyajua. Lakini hata pale palipo chuma kitupu, hukumu ni ile ile. Chukua unyevu. Chuma kisicholindwa huanza kuliwa kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60, na penye chumvi, kama ilivyo kwetu pwani, hata kabla ya hapo, kwa kuwa chumvi yenyewe huvuta maji kutoka hewani. Mtu mwenye haraka atasema basi kausha hewa yote. Akifanya hivyo ngozi ya viti itapasuka, mbao zitaachana, mipira ya milango itakakamaa. Kwa hiyo unyevu si adui wa kufukuzwa moja kwa moja, bali ni jambo la kupimwa, na watunzaji wengi hulenga mahali fulani kati ya asilimia 40 na 55. Kipimo hakisomwi mara moja kikatosha mwaka. Jioni hewa ya bandani ina joto na imebeba maji mengi. Usiku inapoa, maji hayana pa kukaa, yanatua. Asubuhi mlango ukifunguliwa, hewa ya nje inapata joto upesi kuliko lile pande la chuma la injini, ambalo bado lina baridi ya usiku, na umande unatokea papo hapo juu yake, kama jasho kwenye glasi ya maji ya barafu. Matone hayo hukusanyika upande wa ndani wa boneti, yakadondoka, yakaingia mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki.

Ndiyo maana turubai la plastiki, ambalo kila anayependa gari hulikimbilia mwanzo, ni rafiki wa uongo. Linazuia vumbi na mvua, ila pia linazuia kile kinachotaka kutoka. Sakafu ya zege inapumua unyevu kutoka ardhini, unapanda, unakutana na plastiki, unarudi kwenye gari. Wanaojua hutandika nailoni chini ya gari na juu yake huweka kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, kinyume kabisa cha mazoea. Plastiki ya Tulsa haikuwa na nafasi dhidi ya maji yaliyoingia mle ndani, lakini hata chumba kisingevuja bado ningekuwa na mashaka nayo.

Panya anasema jambo lile lile kwa lugha yake. Yule mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu lenye upana wa penseli, milimita 6 hivi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo kutafuna kwake si ulafi wala uhasama, ni lazima, na plastiki laini inayozunguka waya wa umeme inamfaa vizuri. Anaingia kwenye sanduku la chujio la hewa, au kwenye mfereji wa kipasha joto, au anatoboa kiti na kuvuta sponji, anajenga. Mkojo wake unakula chuma na harufu yake haitoki. Lakini hesabu ya kuangalia ni ya siku: mimba yake huchukua wiki tatu. Ili azae garini anahitaji wiki tatu za amani. Anayefungua milango kila wiki, akainua boneti, akasogeza vitu, amemnyima kitu ambacho hakuna dawa inayoweza kumnyima. Vidonge vya nondo huacha harufu inayodumu miaka na ni sumu kwa anayeketi humo. Sumu ya panya humwachia mwenye gari mzoga ndani ya mlango, na bundi anayemla panya aliyelewa sumu hufa naye. Mtego ni mzuri zaidi, kwa sababu moja ya ajabu: mtego unadai kutembelewa. Methali yetu inasema paka akiondoka panya hutawala. Watu huifanya iwe ya wafanyakazi na bosi wao, wakasahau kwamba ilianza kwa kumaanisha paka.

Hapa lazima nizuie kitu kinachofanana na ninachosema lakini sicho. Wako wenye magari wanaoingia bandani Jumapili, wanapiga stata, wanaacha injini ingurume dakika tano, wanazima, wanarudi ndani wakiwa wametulia nafsi. Kikemia wamefanya madhara. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Injini iliyochemka vizuri na kwenda barabarani nusu saa huyatoa yote kama mvuke. Injini ya dakika tano huyaacha yatue ndani ya ekzosi na kwenye oili, yakaanza kula kutoka ndani. Kuna kutembelea kunakomfaa anayetembelewa na kuna kutembelea kunakomfaa mtembeleaji, na aliyewahi kuona ndugu wakipita hospitalini kwa mgonjwa wakiwa na funguo mkononi anajua tofauti. Nawawi hakusema nguo ifunuliwe kidogo. Alisema ivaliwe.

Kuna pingamizi zito. Pamoja na gari la Tulsa kulifukiwa kasha la chuma lililozibwa, lenye bendera na nyaraka, nalo lilipofunguliwa vitu vyake vilikuwa vizima. Hakuna aliyekwenda kulianika. Kwa wakulima wetu pia, mifuko isiyopitisha hewa imeokoa mahindi mengi kutoka kwa dumuzi, mdudu aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa. Hewa ikiisha ndani ya mfuko, mdudu anakufa. Basi kufunga kunafaa, na hoja ya kurudi na kutembelea imepinda. Najibu kwamba kufunga hufaa pale kazi yote ya uangalizi imeshafanywa kabla ya kufunga. Mahindi hayo huanikwa kwanza mpaka yakauke sawasawa. Ukifunga mabichi umefunga ukungu. Na kilichofungwa ni kitu cha namna moja, kisicho na mahitaji yanayogombana. Gari lina chuma kinachotaka ukavu na ngozi inayoukataa, lina mafuta ya breki ambayo kwa asili yake hunywa maji kutoka hewani na hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, lina petroli inayochacha kwa miezi, lina matairi yanayoota ubapa yakisimama mahali pamoja. Hakuna ukuta mmoja unaoweza kuwapa hao wote haki yao. Isitoshe, bendera kasha likifunguliwa bado ni bendera kamili. Gari ambalo haliwezi kwenda limebaki na umbo la gari.

Pingamizi la pili linauma zaidi na silijibu kwa wepesi. Mashine inayonyonya unyevu kutoka kwenye banda la gari inatumia umeme usiku kucha, huku mtaani kuna nyumba inayovuja na mtoto mwenye kifua. Je, maneno mazuri ya amana si pazia tu? Kwa sehemu ni kweli, na ninakubali kwamba hakuna hoja ya utunzaji inayohalalisha ununuzi wenyewe. Aliyenunua la nane kabla hajamlipa mlinzi wake ana kesi nyingine, si hii. Lakini ona kwamba gari likiozea bandani hakuna maskini aliyeshiba. Kutelekeza si sadaka. Kinyume chake, anayelimbikiza kwa kusahau amewanyima watu mara mbili, mara ya kwanza alipokichukua kitu na mara ya pili alipokiua. Fikihi ina njia yake ya kumbana mtu huyu: chombo cha matumizi hakitolewi zaka, ila mali iliyonunuliwa kwa nia ya biashara hutolewa asilimia 2.5 kila mwaka. Kwa hiyo yule aliyelinunua gari ili auze litakapopanda bei, huku akijiita mlezi wa historia mbele za watu, anaulizwa nia yake na daftari, si na mimi.

Wengine watasema amana ni mali ya mwingine, na gari ni langu, nikitaka lioze nitaliacha lioze. Ni haki ya kisheria. Tatizo ni kwamba wakusanyaji wenyewe hawasemi hivyo. Waulize, watakwambia wanaweka kwa ajili ya wanaokuja. Tulsa ililisema hilo kwa vitendo: lile Belvedere lilikuwa na mwenyewe, ila hakuwa anajulikana bado, na waliolifukia walikuwa wameshikilia chake. Lugha yetu imeliona hili kwa upande mwingine, kwani kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike, na kutunza pia ni kumpa mwimbaji fedha anapoimba. Huwezi kumtunza mwimbaji kwa mbali, umejifungia ndani.

Limebaki lile la wachamungu na la wanafalsafa, kwamba vyote huisha, basi kupigana na kutu ni kiburi. Juzijuzi tu katika historia ya magari, mwaka 2009, Bugatti ya miaka ya 1920 ilitolewa chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, imeliwa upande mmoja mpaka ikawa kama samaki aliyebaki miba, na mwaka uliofuata ikauzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro 200,000 vile vile ilivyo. Hata gari la Tulsa limeishia makumbusho, kule Roscoe, Illinois, na wanaolitazama wanalitazama kwa sababu liliharibika. Kumbe kutu nayo ina wapenzi. Sina ugomvi na hilo, uzuri wa kilichoanguka ni uzuri kweli. Ila hakuna aliyelizamisha gari lake ziwani ili alitunze. Na sheria ya amana haikumtaka mtu ashinde maumbile. Kitu kikiharibika mikononi mwa aliyeaminiwa bila uzembe wake, hadaiwi chochote. Anadaiwa kwenda kuangalia. Kwa kipimo hicho Mahubiri ya Mlimani na *Minhaj* hayapingani: moja linakataza kutegemea kwamba hazina itadumu, jingine linakataza kuitelekeza kwa kisingizio kwamba haitadumu.

Katika mlango ule ule wa amana kuna mas'ala ya anayetaka kusafiri. Anatakiwa amrudishie mwenyewe, au wakili wake, akikosekana, kadhi, akikosekana, mtu mwaminifu. Akiifukia mahali kisha akasafiri, anawajibika kuilipa, isipokuwa kama amemjulisha mwaminifu anayekaa pale. Mwaka 1998 Tulsa iliweka gari la pili, Plymouth Prowler, safari hii katika chumba kilichojengwa juu ya ardhi, kifunguliwe 2048. Walichojifunza kuhusu maji kinaonekana wazi. Sharti la mwaminifu anayekaa pale halionekani kwa kuutazama ukuta.

Mwenye gari aliyezeeka, ambaye mgongo haumruhusu tena kuinama chini ya boneti, naye yumo safarini. Kwa kawaida ameziba mdomo wa ekzosi kwa nyuzi za chuma, kama zile za kusugulia masufuria, panya asipite, na mwanawe hajui. Ingetosha kufunga utepe mwekundu kwenye usukani kila anapoziba kitu, na pembeni yake kuning'iniza karatasi: kimezibwa nini, mafuta ya breki ni ya mwaka gani, petroli iliyomo iliwekwa mwezi gani, ufunguo wa banda uko kwa nani.